KISU KWANZA, MOTO BAADAYE: MAPISHI YA KICHINA KATIKA JIKO LA NYUMBANI

Mama wa nyumbani anaposikia habari za vyakula vya Kichina, aghalabu huwaza hoteli kubwa ya mjini na sahani yenye bei isiyosemeka. Hudhani kwamba vyakula hivyo haviwezekani ila kwa chupa nyingi za viungo vya kigeni, na kwa mpishi aliyesomea kazi hiyo ng'ambo. Dhana hiyo si sahihi. Vyakula vingi ambavyo Wachina hula kila siku majumbani mwao ni vyepesi. Hupikwa kwa mboga za sokoni na nyama kidogo, na muda wake motoni ni mfupi mno ukilinganishwa na ule wa kuchemsha maharage. Kinachovitofautisha na vyakula vingine ni utaratibu wa kazi, wala si wingi wa chupa.

Na utaratibu huo mtu hujifunza. Mwalimu wa mapishi aliyejulikana kuliko wengi katika kisiwa cha Taiwan, Bibi Fu Pei-mei, hakujua kupika alipoolewa. Aliwalipa wapishi wa mahoteli wamfundishe, akajifunza chakula baada ya chakula. Mwaka 1962 alianza kufundisha katika televisheni, akaendelea kwa miaka mingi, na vitabu vyake vikaenea hata nje ya nchi. Ikiwa yeye aliyaanza mapishi hayo akiwa mke kijana asiyejua kitu, hapana sababu ya mama mwingine kuyaogopa.

FAN NA CAI

Mlo wa Kichina una sehemu mbili. Ya kwanza huitwa fan, nacho ni chakula cha nafaka kinachoshibisha. Katika majimbo ya kusini fan ni wali. Kaskazini, ambako ngano hustawi zaidi, huwa tambi au mikate inayopikwa kwa mvuke. Mahindi nayo, tangu yalipofika China kutoka bara la Amerika, yamelisha watu wengi, na huko kaskazini unga wake hufinyangwa na kupikwa kwa mvuke. Sehemu ya pili huitwa cai, na hutamkwa karibu na "tsai". Hiyo ni mboga, nyama, samaki au mayai ya kuisindikiza nafaka. Kwa Kiswahili neno lake lipo tayari: cai ni kitoweo.

Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwa ugali na kitoweo anaifahamu nusu ya jambo hili kabla hajafundishwa. Liko lakini jambo moja la kuzingatia. Wali wa Kichina wa kila siku hupikwa kwa maji matupu, bila chumvi, bila mafuta na bila nazi. Chumvi yote imo katika kitoweo, na wali huipunguza makali mdomoni. Mama atakayepika wali wa chumvi kisha akauweka kando ya kitoweo cha Kichina atakuwa ameitia chumvi mara mbili.

KAZI YA KISU

Wanahistoria wengi hueleza kwamba upungufu wa kuni, katika nchi yenye watu wengi na misitu iliyokatwa tangu zamani, ulichangia kueneza mtindo wa kukata chakula vipande vidogo na kukipika upesi. Kipande chembamba hupata moto haraka hadi ndani, na kuni hazichomwi bure. Hata mezani faida yake huonekana: mtu anayekula kwa vijiti hahitaji kisu, maana kisu kimekwisha fanya kazi yake jikoni.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: karai lisitiwe mafuta kabla kila kitu hakijakatwa, hakijapimwa na hakijapangwa katika visahani. Kitunguu saumu kiwe kimepondwa, tangawizi iwe imekatwa, sosi iwe imechanganywa. Anayekumbuka kumenya karoti wakati mafuta yamekwisha pata moto atakuta tangawizi imeungua. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka; kwa Mchina haraka ya motoni huwa na baraka pale tu ilipotanguliwa na subira ya kwenye ubao wa kukatia.

Kanuni ya pili ni kulinganisha. Vitu vinavyopikwa pamoja vikatwe kwa umbo moja. Kama nyama imekatwa vipande virefu vyembamba, karoti nayo ikatwe hivyo hivyo, ili vyote viive kwa wakati mmoja.

Kanuni ya tatu ni kuujua moto. Mshairi Yuan Mei, aliyetoa kitabu chake mashuhuri cha mapishi mwaka 1792, aliliweka jambo la moto miongoni mwa mambo ya lazima kwa mpishi. Wachina hutofautisha moto mkali, ambao huuita wa kijeshi, na moto mpole, ambao huuita wa kisomi. Vitu vya kukaanga hutaka ule wa kijeshi, maana moto ukiwa dhaifu huvilegeza. Vitu vya kutokosa hutaka ule wa kisomi, maana ukali huvikausha.

Kwa vyombo, karai la chuma lenye tako la mviringo linatosha kabisa. Ni ndugu wa lile litumiwalo China, na hukaa vizuri juu ya jiko la makaa. Pamoja nalo patakiwe kisu kipana kikali, ubao, na mwiko. Kama moto wa jiko ni hafifu, mpishi asijaze karai. Apike nusu kwanza, kisha nusu nyingine. Karai likijaa, mboga hutoa maji, na badala ya kukaangika huchemka na kulegea.

NYAMA KWA KABICHI

Chakula hiki kinaonyesha jinsi robo kilo ya nyama inavyoweza kuwatosha watu sita pamoja na wali.

Vinavyohitajiwa: nyama ya ng'ombe laini isiyo na mafuta, gramu 250, kabichi ya wastani, nusu, karoti 2, pilipili hoho 1, vitunguu saumu punje 4, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, sosi ya soya vijiko vikubwa 2, wanga mweupe laini wa mahindi au wa muhogo, kijiko kikubwa 1, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 4, sukari nusu kijiko cha chai.

Nyama ikatwe vipande vyembamba kwa kuzikatiza nyuzi zake, si kwa kufuata urefu wa nyuzi hizo. Hapo ndipo penye siri ya ulaini, maana nyuzi fupi hutafunika kwa urahisi. Vipande hivyo vichanganywe na kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya, nusu ya wanga, na kijiko kimoja cha mafuta, vikae dakika 20. Wanga huo huivalisha nyama koti jembamba linalozuia maji yake yasikauke.

Wakati nyama inapumzika, kabichi ikatwe vipande vya upana wa kidole. Mishipa yake minene iwekwe mbali na majani laini. Karoti na hoho zikatwe nyembamba. Wanga uliosalia, sosi iliyosalia na sukari vikorogwe katika nusu kikombe cha maji baridi.

Sasa moto. Karai lipate moto hadi tone la maji likidondoka likauke papo hapo. Yatiwe mafuta vijiko viwili, kisha nyama itandazwe. Iachwe nusu dakika bila kuguswa, ndipo igeuzwe-geuzwe hadi wekundu wote uishe, nayo iepuliwe. Yaongezwe mafuta yaliyobaki, tangawizi na vitunguu saumu. Harufu ikipanda, zitiwe karoti na mishipa ya kabichi, zigeuzwe dakika mbili. Yafuate majani na hoho kwa dakika moja. Nyama irudishwe, na ule mchanganyiko wa wanga ukorogwe tena na kumiminwa. Utakapochemka, ukawa mzito na kung'aa, chakula kiepuliwe mara hiyo hiyo na kuliwa kingali moto. Kuku asiye na mifupa hupikwa kwa njia iyo hiyo, ila ahakikishwe kuwa ameiva hadi ndani.

MAYAI KWA NYANYA

Ukaangaji wa mayai ni wa zamani sana China. Katika karne ya 6 mwandishi Jia Sixie, katika kitabu chake kikubwa cha kilimo na kazi za nyumbani, aliandika namna ya kukaanga mayai kwa mafuta ya ufuta, vitunguu majani na chumvi. Nyanya lakini ni mgeni kutoka Amerika, na ilienea katika majiko ya Kichina katika karne ya 20. Mkutano wa hao wawili umezaa kitoweo ambacho watoto wengi wa Kichina hujifunza kukipika kabla ya vingine vyote.

Vinavyohitajiwa: mayai 4, nyanya kubwa zilizoiva 4, vitunguu majani mashina 2, sukari kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, mafuta vijiko vikubwa 3.

Mayai yapigwe pamoja na chembe ya chumvi. Yamiminwe katika mafuta ya moto, yavutwe kwa mwiko yawe mabonge makubwa laini, na kuepuliwa kabla hayajakauka. Katika karai hilo hilo zitiwe nyanya zilizokatwa, zikaangwe hadi zitoe mchuzi. Iongezwe sukari, ambayo kazi yake ni kutuliza uchachu tu. Mayai yarudishwe, yachemke katika mchuzi huo hadi yaive barabara, kisha vinyunyizwe vitunguu majani. Huliwa kwa wali, na kwa ugali hakipungukiwi na ladha.

MCHICHA NA MATEMBELE

Huenda wasomaji wengi wakastaajabu kusikia kwamba mchicha ni mboga ya kawaida China, na kwamba majani ya viazi vitamu huliwa sana kusini mwa nchi hiyo na Taiwan. Mchicha wenye majani mekundu hupendwa hasa na watoto, kwa kuwa maji yake huupaka wali rangi ya waridi.

Tofauti iko katika muda. Jikoni kwingi mboga za majani huchemshwa kwa muda mrefu, na pengine maji yake humwagwa. Vitamini C huharibiwa na moto wa muda mrefu, na sehemu yake nyingine huondoka na maji hayo. Mchina huosha mboga, huikung'uta maji, na huitia katika mafuta ya moto yenye vitunguu saumu vilivyopondwa. Huigeuza upesi dakika moja au mbili, hadi inywee ingali kijani. Chumvi hutiwa mwisho, maana ikitangulia huivuta mboga itoe maji mengi. Matembele yenye vikonyo vigumu yamenywe kwanza au yaongezewe vijiko viwili vya maji na kufunikwa kidogo. Si kila jani linafaa kwa namna hii: kisamvu hakina budi kutwangwa na kuchemshwa sana, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu isiyoondoka kwa moto wa haraka.

WALI WA KUKAANGA, NA HATARI YA KIPORO

Wali wa kukaanga ulianza kama njia ya kuokoa chakula kilichosalia. Wali uliopoa hukauka kidogo, punje zake hazishikamani, nao hukaangika vizuri kuliko wali wa moto. Hapa lakini pana jambo ambalo kila mama hana budi kulijua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza waliwachunguza watu walioshikwa na kichefuchefu na kutapika saa chache baada ya kula wali wa kukaanga katika mahoteli ya Kichina. Ilionekana kwamba wali huo ulikuwa umechemshwa mapema na kuachwa katika joto la jikoni kwa saa nyingi. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana vijimbegu visivyokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu, vijimbegu hivyo huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu. Sumu hiyo haivunjwi na kukaangwa tena. Kwa hiyo anayedhani kwamba moto mkali utautakasa wali uliolala mezani usiku kucha anajidanganya, na watakaoumia zaidi ni watoto na wazee.

Njia salama ni hii. Vikombe viwili vya mchele vipikwe kwa maji pungufu kidogo. Wali ukiiva, utandazwe juu ya sinia pana na kupepewa upoe upesi. Nyumba yenye friji iuweke humo ndani ya saa moja na kuutumia kesho yake. Nyumba isiyo na friji iukaange siku hiyo hiyo, mara tu baada ya kupoa, usikae nje zaidi ya saa moja au mbili.

Kisha mayai mawili yakaangwe na kuvunjwa-vunjwa. Vitiwe vitunguu majani, karoti iliyokatwa vidogo sana, na njegere zilizokwisha chemshwa. Wali ufuate, ukibonyezwa kwa mgongo wa mwiko hadi kila punje ijitenge. Sosi ya soya isizidi kijiko kikubwa kimoja. Wali mzuri wa kukaanga hauwi mweusi. Wali uliobaki baada ya kukaangwa usiwekwe tena.

CHUMVI, NGURUWE NA MOSHI

Sosi ya soya hutengenezwa kwa maharage ya soya, aghalabu pamoja na ngano, yanayochachushwa katika maji ya chumvi kwa miezi mingi. Kijiko kikubwa kimoja huwa na chumvi inayozidi gramu 2 hivi, na Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asile chumvi inayofikia gramu 5 kwa siku. Katika kitoweo cha nyama kilichoelezwa hapo juu, vijiko viwili hugawanywa kwa watu sita, na ndiyo sababu hakuna chumvi nyingine iliyoongezwa. Nyumba yenye mgonjwa wa shinikizo la damu ipunguze hata hiyo, na ladha itafutwe katika tangawizi, siki na vitunguu saumu.

Wachina wengi hutumia nyama ya nguruwe na divai ya mchele katika mapishi yao. Muislamu asidhani kwa sababu hiyo kwamba mlango umefungwa kwake. Huko huko China wako Waislamu wa kabila la Hui, ambao idadi yao inazidi milioni 10. Hao wana mapishi yao yasiyo na nguruwe, na tambi zao za nyama ya ng'ombe za mji wa Lanzhou zinapendwa nchi nzima na watu wa kila dini. Penye nguruwe patiwe kuku au ng'ombe. Divai iachwe tu, na chakula kitakuwa kitamu.

La mwisho ni moshi. Mwaka 2010 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulitoa kitabu kuhusu hewa ya majikoni, kilichoeleza kwamba mvuke unaotoka katika mafuta yanayokaangia kwa joto kali huenda ukasababisha saratani. Sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitokana na uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanawake wa Kichina, waliokaanga miaka mingi katika majiko yasiyo na hewa. Mafuta yasiachwe yafuke moshi mzito, dirisha liwe wazi, na jiko la makaa lisitumiwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa.

MPANGO WA JIKO MOJA

Aliye na jiko moja tu aweza kuandaa mlo kamili. Aanze kwa kukata kila kitu. Kisha apike wali wa kawaida, aufunike na kuuweka kando, ambako utakaa na moto wake kwa muda wa kupika vitoweo. Achochee makaa, akaange nyama kwa kabichi, afute karai, akaange mchicha, na kuwaita watu wa nyumbani. Tangu karai linapowekwa motoni hadi mboga inapoepuliwa, dakika 15 zitatosha.

Mara ya kwanza huenda kabichi ikalegea au nyama ikashika karai. Mama asivunjike moyo. Atazame kama moto ulikuwa hafifu, kama karai lilijaa kupita kiasi, au kama vipande vilikatwa vinene; katika mambo hayo matatu ndimo kosa lilimo mara nyingi. Siku ya pili atarekebisha, na baada ya siku chache robo kilo ile ya nyama, ambayo jana ilionekana haitoshi, itawafikia wote waliozunguka sinia.